Neno la Mgonjwa na Neno la Daktari: Historia Fupi ya Maneno ya Tiba Katika Elimu ya Afya

1. Utangulizi

Katika kazi ya kusanifu istilahi tumezoea kuanza na orodha. Huletwa mbele ya kikao orodha ya maneno ya Kiingereza iliyopangwa kwa utaratibu wa alfabeti, na wajumbe hutafuta kwa kila neno istilahi ya Kiswahili inayolingana nalo. Kazi hiyo ni ya lazima, na matunda yake yanaonekana vitabuni, katika nyaraka za serikali na katika matangazo ya redio. Lakini katika uwanja wa tiba orodha hiyo huacha nje nusu ya kazi. Mgonjwa haji hospitalini akiwa mtupu, anangoja kupewa istilahi. Huja na neno lake, na ndani ya neno hilo mna maelezo kamili: ugonjwa wenyewe ni upi, umetoka wapi, nani anaweza kuutibu, na dawa gani haifai kabisa kuukaribia.

Makala haya yanakusudia kueleza, kwa njia ya historia, jinsi maneno machache ya Kiswahili yalivyobeba habari potofu kuhusu maradhi na matibabu, na jinsi waganga na waelimishaji walivyofaulu au walivyoshindwa kuzirekebisha. Hoja yetu ni moja. Habari potofu katika tiba mara nyingi hukaa ndani ya neno la kawaida lenye maana mbili, moja ya daktari na nyingine ya mgonjwa. Daktari ambaye hakufundishwa ile maana ya pili atahangaika kusahihisha kosa asiloliona.

Kabla ya kuendelea, hapana budi tutenganishe maneno matatu ambayo huchanganywa sana. Uongo ni kauli ya mtu anayeujua ukweli akasema kinyume chake. Uvumi, kutokana na kitenzi kuvuma, ni habari isiyo na mwenyewe. Huvuma kama upepo au ngoma ya mbali, na wahenga wameipa nguvu waliposema kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Habari potofu ni ile iliyopotoka njia, hata kama anayeisema ni mkweli na ana nia njema. Mama anayemkatalia mwanawe sindano kwa kuchelea asije akafa si mwongo. Anayemwita mwongo amekwisha kumpoteza, na pengine amempoteza na mtoto.

2. Mganga, daktari na lugha ya shule

Tazama kwanza majina ya watu wenyewe wanaotibu. Neno mganga ni la kale katika lugha zetu za Kibantu, na serikali ililichukua jinsi lilivyo. Nchini Tanzania kiongozi wa huduma za tiba katika mkoa huitwa Mganga Mkuu wa Mkoa, na yule wa taifa zima Mganga Mkuu wa Serikali. Mtaani, mganga ni mtu wa mizizi, kombe na ramli. Tukitaka kuwatofautisha twaongeza maneno: mganga wa kienyeji, mganga wa jadi, na tangu Bunge la Tanzania lilipotunga sheria mwaka 2002, mganga wa tiba asili au tiba mbadala. Neno tabibu, lenye asili ya Kiarabu, na neno daktari, lililotoka Ulaya, yalikuja baadaye na kukaa kando ya mganga bila kumwondoa.

Kwa hiyo lugha yenyewe imewaweka watu hao katika nyumba moja. Mgonjwa anayekwenda kwa mganga asubuhi na kwa daktari jioni hajioni kuwa ameiacha imani moja na kuingia nyingine. Ameona waganga wawili. Daktari anayemkemea kwa ‘ushirikina’ anazungumzia mgawanyiko ambao haumo katika lugha ya mgonjwa.

Jambo la pili ni lugha ya mafunzo. Shule ya udaktari ya Dar es Salaam ilifunguliwa mwaka 1963. Mwaka 1968 ikawa Kitivo cha Tiba cha Chuo Kikuu. Mwaka 1991 ikawa chuo kikuu kishiriki cha Muhimbili. Na mwaka 2007 ikawa chuo kikuu kamili. Katika hatua zote hizo udaktari umefundishwa kwa Kiingereza. Mwanafunzi husoma kwa Kiingereza, hufanya mtihani kwa Kiingereza, na huandika jalada la mgonjwa kwa Kiingereza. Kisha huingia wodini na kuuliza kwa Kiswahili. Kati ya swali na jalada hufanyika tafsiri, tena tafsiri ya haraka, ndani ya kichwa cha mtu mmoja, bila mhariri wala msahihishaji.

Vyombo vya lugha havikulala. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria ya mwaka 1967, na vijitabu vyake vya Tafsiri Sanifu vilisambaza istilahi za nyanja mbalimbali. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi ya Tiba mwaka 2003. Kazi hizo zina thamani kubwa, lakini mwelekeo wake ni mmoja: zinatoka kwa daktari kwenda kwa mgonjwa. Zinamwambia daktari namna ya kusema. Namna ya kusikia ni somo jingine, na historia ya maneno yafuatayo itaonyesha gharama ya kulikosa.

3. Mumiani: dawa iliyogeuka hofu

Mumiani kwa asili ni jina la dawa. Neno hili lilifika pwani kwa njia ya biashara ya Bahari ya Hindi, kutoka Uajemi, likiwa jina la kitu cheusi mfano wa lami au gundi, kilichopakwa penye mfupa uliovunjika au kuyeyushwa katika samli na kunywewa. Frederick Johnson, katika kamusi yake ya Kiswahili kwa Kiingereza ya mwaka 1939, alieleza matumizi hayo. Katika ingizo hilohilo alieleza pia kwamba watu wengi waliamini kuwa kitu hicho ni damu ya binadamu iliyoganda, na kwamba ulipozuka uvumi kuwa mumiani inatafutwa, watu wa mji waliingiwa na hofu hata wasitoke nje baada ya jua kutua.

Hapa mtafiti wa lugha anauona uvumi ukiwa umekwisha kuingia kamusini. Baadaye neno likavuka hatua nyingine: likaacha kuwa jina la dawa na kuwa jina la mtu, yaani mnyonya damu anayetembea usiku. Katika Kenya na Uganda kazi hiyo ilisemekana kuwa ya wazimamoto. Mwanahistoria Luise White, aliyezikusanya habari hizo na kuzitolea kitabu mwaka 2000, hakutosheka na swali la kama zilikuwa za kweli. Aliuliza zilieleza nini kuhusu maisha ya watu walizozisimulia. Na kwa hakika zilieleza mengi. Watu wa zama za ukoloni waliona magari yaliyofungwa, watumishi waliovaa sare, na vipimo vilivyochukua damu zao bila maelezo ya damu hiyo inakopelekwa. Palipokosekana maelezo, neno la zamani lilijaza nafasi.

Funzo la mumiani kwa daktari wa leo limo katika vitenzi. Muuguzi anayesema “twakuchukua damu” na yule anayesema “twakupima damu” wanafanya tendo moja kwa sindano moja, lakini kitenzi kuchukua kinaacha wazi swali la kupeleka wapi. Vivyo hivyo, Mpango wa Taifa wa Damu Salama ulipoanzishwa nchini Tanzania mwaka 2004 na wito wa kuchangia damu ukaenea, kitenzi hicho kiliihamisha damu kutoka eneo la kunyang’anywa na kuiweka katika eneo la michango, ambayo kila mtu anaijua katika harusi na msiba. Mchango una daftari na mhasibu, na leo kwangu kesho kwako. Uvumi hauzimwi na kitenzi peke yake. Lakini kitenzi kibaya huuchochea kila siku, tena kwa kinywa cha mtumishi wa afya mwenyewe.

4. Mtu ni Afya: elimu kwa njia ya kikundi

Mwaka 1970 ulitangazwa nchini Tanzania kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Katika miaka hiyo Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilikuwa imekwisha kujaribu kufundisha kwa redio na vikundi, na mwaka 1973 ikaendesha kampeni kubwa ya afya iliyopewa jina la Mtu ni Afya. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walipewa mafunzo, na watu wanaokadiriwa kufika milioni 2 walishiriki. Magonjwa yaliyofundishwa yalikuwa yale yanayokingika: malaria, kichocho, safura, kuhara na kifua kikuu.

Utaratibu wake unastahili kukumbukwa na kila anayeandaa mafunzo ya waganga. Kikundi kilikutana na kusikiliza kipindi cha redio. Mmoja akasoma kitabu kwa sauti ili na wasiojua kusoma wafuate. Kisha wakajadili kama hali iliyoelezwa ipo kijijini kwao, na mwisho wakaamua la kufanya. Kiongozi wa kikundi hakuwa mhadhiri. Alifundishwa kuuliza. Vyoo vilichimbwa, vichaka kuzunguka nyumba vikafyekwa, na madimbwi yakafukiwa, kwa sababu uamuzi ulikuwa wa wanakikundi wenyewe.

Jina la kampeni nalo lilisaidia. Halikuwa amri wala katazo. Lilikuwa sentensi ya maneno matatu yenye sura ya methali, ambayo mtu aliweza kuitamka kama yake. Kampeni ya lishe iliyofuata mwaka 1975 iliitwa kwa mtindo huohuo, Chakula ni Uhai.

Hata hivyo, kampeni za namna hii zilikuwa na mpaka wake, na mpaka huo ulikuwa wa kilugha. Watu walijifunza kwamba malaria huletwa na mbu, nao walikubali. Lakini katika nyumba nyingi malaria ilikuwa jina la ugonjwa mmoja tu, ule mwepesi. Ugonjwa uliowaua watoto ulikuwa na jina jingine.

5. Degedege

Neno degedege lina mizizi katika ndege, kwa umbo la kukuza. Kamusi ya Johnson ilikwisha kulieleza kuwa ni jina la nondo wa usiku, na pia jina la maradhi ya mtoto kukakamaa na kurusha viungo, maradhi ambayo pengine yalidhaniwa kuletwa na mdudu huyo. Katika maeneo mengi ya pwani na bara imesemwa kwamba dege ni pepo au shetani mwenye umbo la ndege apitaye juu ya mtoto. Jina, basi, limebeba chanzo chake, na chanzo kimeonyesha tabibu: jambo la pepo ni la mganga. Watoto walifukizwa moshi, pamoja na ule wa kinyesi cha tembo, na kuogeshwa maji ya majani ya dawa. Juu ya hayo palikuwa na onyo kali: mtoto mwenye degedege asipigwe sindano, kwani sindano itamwua.

Katika miaka ya 1990 watafiti waliofanya kazi wilayani Bagamoyo walichukua njia ambayo sisi wa istilahi tungepaswa kuwa tumeionyesha mapema. Peter Winch na wenzake walichunguza majina ya homa kama wakazi wenyewe walivyoyatumia, na mwaka 1996 wakatoa matokeo. Istilahi iliyotumika zaidi katika elimu ya afya, homa ya malaria, ililingana masikioni mwa wananchi na malaria isiyo kali. Degedege ya watoto wadogo, upungufu mkubwa wa damu, kuvimba bandama, na homa ya mama mjamzito havikuhesabiwa na wengi kuwa ni malaria. Ikawa tangazo la redio lililosema “malaria inaua” lilisikika kama kutia chumvi, kwa kuwa kila mtu alikwisha kuugua homa ya malaria akanywa vidonge akapona. Waliokufa walikuwa wamekufa kwa kitu kingine.

Tujiulize, kwa nini habari kuhusu sindano ilidumu? Ilidumu kwa sababu ilikuwa na ushahidi. Mtoto mwenye homa kali akishikwa na degedege ya kawaida, mara nyingi degedege hiyo hukoma yenyewe baada ya dakika chache. Aliyemfukiza moshi ameona dawa ikifanya kazi. Aliyemwogesha maji ya majani ameona mwili ukipoa. Mtoto ambaye degedege yake inatokana na malaria iliyofika ubongoni, au na homa ya uti wa mgongo, hapoi. Huyo ndiye hupelekwa hospitalini, siku ya pili au ya tatu, akiwa amezimia. Hupigwa sindano, na saa chache baadaye hufa. Jirani aliyeyaona hayo mara mbili hahitaji kusadikishwa na mtu. Ameona kwa macho yake mtoto wa mganga akiinuka na mtoto wa sindano akizikwa. Kosa lake ni la mpangilio wa mambo: hakuona kwamba sindano ilichelewa, akadhani sindano iliua.

Daktari anayeyajua haya hawezi tena kusema tu kwamba “hizo ni imani potofu.” Tuchukue mfano wa mazungumzo ya wodini. Mama anasema, “Daktari, mwanangu ana degedege.” Daktari anajibu, “Hakuna degedege, mama, hii ni malaria.” Kwa kauli hiyo fupi daktari amemwambia mama kwamba hakuona alichokiona, na kwamba mtoto wake ana ule ugonjwa mwepesi. Mama ana sababu mbili za kuondoka. Daktari mwingine anajibu hivi: “Ndiyo mama, nimeiona degedege yake. Degedege hii imeletwa na homa, na homa hii kipimo kimeonyesha ni malaria iliyopanda kichwani. Wengi hufa kwa kuchelewa. Wewe umewahi.” Maneno ya daktari wa pili ni Kiswahili kilekile, na dawa ni ileile. Kilichobadilika ni kwamba neno la mama limepokewa, likaunganishwa na neno la daktari, na woga wa sindano ukajibiwa kabla haujatamkwa.

Wapo watakaouliza: je, si afadhali neno degedege lifutwe, maadamu limebeba pepo? Historia inajibu kwamba haina haja. Neno malaria lenyewe ni la Kiitaliano, na maana yake ni hewa mbaya. Lilitungwa na watu walioamini kwamba ugonjwa hutoka katika mvuke wa mabwawa. Mwaka 1897 Ronald Ross aliona vijidudu vya ugonjwa huo ndani ya mbu huko India, na nadharia ya hewa mbaya ikafa, lakini jina likabaki. Hakuna daktari anayeona haya kulitamka. Nasi tunasema pepopunda bila kumwita pepo wala punda. Jina linaweza kuishi baada ya imani iliyolizaa kufa, endapo kuna mtu anayejitahidi kulipa maana mpya.

Lakini pia tusikimbilie kuandika kamusini kwamba degedege ni malaria kali. Si kila degedege inatokana na malaria, na hivyo hata kwa sayansi usawa huo ungekuwa kosa. Mwanaanthropolojia Stacey Langwick, aliyefanya utafiti Newala na kuutoa mwaka 2007, alionyesha kwamba uhusiano wa maneno haya mawili hauishi kwa tafsiri ya neno kwa neno, kwani kila moja limeshikamana na dawa zake, watu wake na taratibu zake. Kwa mtunga istilahi hilo ni onyo la haki. Katika ingizo la degedege panatakiwa maelezo, na istilahi moja mbadala haitoshi.

Matumizi ya maarifa haya yalionekana katika bonde la Kilombero. Mradi wa vyandarua vyenye dawa ulioendeshwa katika wilaya za Kilombero na Ulanga katika nusu ya pili ya miaka ya 1990 ulianza kwa kuwauliza wakazi wanavyozungumza kuhusu mbu, homa na degedege, na majibu yakaongoza utungaji wa ujumbe. Chandarua kiliuzwa kwa jina la Zuia Mbu. Jina hilo halikumtaka mnunuzi akubali kwanza nadharia yoyote kuhusu homa. Lilizungumzia kero anayoijua kila mtu alalaye bondeni. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2001 yalionyesha kwamba kwa watoto wa kuanzia mwezi 1 hadi miaka 4, matumizi ya vyandarua hivyo yaliambatana na ongezeko la asilimia 27 la kunusurika. Hatudai kwamba jina liliwaokoa watoto. Waliokolewa na chandarua na dawa yake. Lakini chandarua kisichonunuliwa hakimkingi mtu.

6. UKIMWI, na neno kufubaza

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Kabla istilahi haijafika, wananchi walikuwa wamekwisha kuupa ugonjwa jina: Juliana, kwa jina la vazi lililouzwa wakati huo na wafanyabiashara wa magendo wa mpakani. Palikuwa na waliodhani kwamba ni uchawi wa wafanyabiashara waliodhulumiwa mali zao. Hapa tena jina lilibeba chanzo, na chanzo kikaelekeza tiba.

Istilahi UKIMWI ni miongoni mwa kazi zilizofaulu sana katika lugha yetu, kwani kifupisho hicho hutamkika kama neno la kawaida na maana yake hueleza ugonjwa. Hata hivyo, kilifumbuliwa kwa namna mbili, ukosefu wa kinga mwilini na upungufu wa kinga mwilini, na tofauti hiyo si ndogo. Aliyekosa hana kabisa. Aliyepungukiwa anaweza kuongezewa. Katika miaka ambayo hapakuwa na dawa tofauti hiyo ilionekana ya kitaaluma tu. Tangu dawa zilipoanza kutolewa bure katika hospitali za serikali mwaka 2004, neno upungufu ndilo linaloruhusu matumaini.

Dawa hizo zilileta kazi mpya ya maneno. Haziui virusi vyote, huvizuia visizaane. Watumishi wa afya wakapata kitenzi kizuri, kufubaza: ni dawa za kufubaza makali ya virusi. Kitu kilichofubaa kimepoteza ukali na mng’ao wake, lakini kipo. Mgonjwa aliyelielewa neno hilo anajua kwa nini hana budi kumeza dawa kila siku.

Sasa lilinganishe na kauli nyingine ya chumba cha daktari: “Virusi havionekani.” Daktari anasema juu ya kipimo, kiasi cha virusi kimeshuka chini ya uwezo wa mashine kukihesabu. Mgonjwa anasikia juu ya mwili wake: havimo. Mwaka 2011 maelfu ya watu walimiminika kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya Mchungaji Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500, na ziliripotiwa habari za wagonjwa walioacha dawa za hospitali kwa kuamini kwamba wamepona. Ni rahisi kuwalaumu. Lakini neno kupona walilokwenda nalo Samunge ni lilelile ambalo hospitali hutumia kwa kidonda na kwa mafua, na ni wachache waliokuwa wameelezwa kwa utulivu tofauti ya kupona, kupata nafuu, na kufubaza.

7. Hitimisho

Historia hii fupi inaonyesha kwamba habari potofu hazikuja na simu wala na magazeti. Zimekuwamo katika msamiati wetu kwa muda mrefu, nazo hudumu pale zinapoeleza jambo ambalo wataalamu wameliacha bila maelezo. Inaonyesha pia kwamba walioweza kuzirekebisha, kuanzia vikundi vya mwaka 1973 hadi watafiti wa Bagamoyo na Kilombero, walianza kwa kuuliza.

Shirika la Afya Duniani na UNICEF, katika mwongozo wao wa matibabu ya watoto uliotolewa miaka ya 1990 na ambao Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kuutumia, walilitambua jambo hili. Mwongozo unazitaka nchi zitafute maneno ya wenyeji kuhusu dalili za hatari, na unamtaka mhudumu amwulize mama, amsifu kwa alilofanya vema, amshauri, kisha ahakikishe ameelewa kwa kumtaka aeleze kwa maneno yake mwenyewe. Hatua hiyo ya mwisho ni kipimo cha tafsiri. Mama akirudisha maneno yaliyopotoka, kosa limegunduliwa kabla hajafika nyumbani.

Kwa upande wetu, mapendekezo ni haya:

(a) Kamusi na vijitabu vya istilahi za tiba viwe na sehemu ya pili inayoanza na neno la mgonjwa: degedege, safura, bandama, chango, mumiani. Kila neno lielezwe linavyotumika, linaambatana na hofu gani, na daktari ajihadhari na nini anapolisikia.

(b) Wanafunzi wa udaktari, uganga na uuguzi wafundishwe mazungumzo ya wodini kwa Kiswahili kama somo lenye mtihani, hata kama masomo mengine yataendelea kwa Kiingereza. Mwalimu wa somo hilo awe daktari mzoefu akishirikiana na mtaalamu wa lugha.

(c) Kila istilahi ya afya inayokusudiwa kwa wananchi ijaribiwe kwa wananchi kabla ya kupitishwa. Swali la kuwauliza lisiwe “mnalipenda neno hili?” Liwe “ukilisikia neno hili, utafanya nini?”

Pendekezo hili la tatu linatuhusu sisi zaidi kuliko madaktari. Tumezoea kuipima istilahi kwa ufupi wake, kwa asili yake na kwa kukubaliana kwake na sarufi. Katika fani nyingi vigezo hivyo vinatosha. Katika tiba kuna kigezo kimoja zaidi, nacho ni kama mama aliyelisikia neno usiku, mtoto akiwa amekakamaa mikononi mwake, atajua aelekee wapi.